Maji ya kisima kwa tangi la samaki wa baharini: jinsi ya kuyasafisha nyumbani

Nyumba yangu iko Kigamboni, karibu na bahari kiasi kwamba usiku umeme ukikatika na feni zikinyamaza, mawimbi yanasikika. Hata hivyo kinachonipa kazi kubwa kwenye tangi langu la samaki wa baharini si maji ya chumvi. Ni maji baridi. Wageni huniuliza, bahari si ile pale, kwa nini usichote? Kuchota kunawezekana, ukienda mbali na bandari na midomo ya mito, na ukaepuka siku za masika ambapo mvua hushusha chumvi ya ufukweni. Lakini tangi linakauka kila siku. Kwa joto letu, na feni ndogo ninayoielekeza juu ya maji ili yasipate moto, tangi langu la lita 240 hupoteza kama lita 3 kwa siku. Kinachopaa ni maji matupu, chumvi yote inabaki. Kila siku inabidi nirudishe lita 3 za maji yasiyo na kitu ndani yake. Kwa hiyo hata anayechota baharini hakikwepi kisima.

Tufanye hesabu kidogo, maana ndiyo iliyonifumbua macho. Kisima changu kinasoma TDS 840, yaani kila lita imebeba takriban miligramu 840 za madini yaliyoyeyuka. Lita 3 kwa siku ni gramu 2.5. Kwa mwaka ni zaidi ya gramu 900, karibu kilo nzima ya madini ambayo sikuyachagua, yote yamebaki ndani ya kioo. Nitrati peke yake ilipimwa miligramu 30 kwa lita. Ukiigawa kwenye lita 240 za tangi, kuongezea maji tu kunapandisha nitrati kwa zaidi ya miligramu 11 kwa lita kila mwezi, kabla hujahesabu kinyesi cha samaki hata kimoja.

Mwaka wa kwanza sikujua hayo. Nilikuwa nachemsha maji ya kisima, nayapoza, namimina. Kioo kikaanza kuvaa utando wa kahawia kama vumbi la kakao. Nilikuwa naufuta asubuhi kwa kipande cha kadi ya plastiki, jioni umerudi. Ukafuata mwani wa kijani wenye nyuzi, mrefu kama nywele, ukapanda juu ya matumbawe laini hadi yakajifunga na kutofunguka tena. Nilipoteza matumbawe manne. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakutoi madini yote. Sehemu ya chokaa inaganda kwenye sufuria, vingine vinabaki, na kwa kuwa maji yamepungua kwa mvuke vinazidi kukolea. Shabu nayo ni hivyo hivyo: inatuliza tope vizuri sana, lakini inaacha alumini na salfeti ndani ya maji. Klorini ndiyo usiiguse kabisa.

Haya sasa, hatua kwa hatua. Moyo wa kazi yote ni mtambo wa RO: maji yanasukumwa kwa presha kupita kwenye utando mwembamba unaozuia madini, kisha yanapita kwenye resini, yaani chembechembe za plastiki zinazonasa madini yaliyosalia.

1. Yajue maji yako kabla ya kununua chochote

Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale. Maji yakipita humo huokota chokaa, ndiyo maana sabuni haitoi povu na birika linaota ukoko mweupe. Kuna mtu atasema, si matumbawe yanataka chokaa? Yanataka, lakini chumvi maalumu ya tangi tayari ina kalsiamu na magnesiamu kwa uwiano wake. Ukizidisha upande mmoja uwiano unavurugika, na chokaa inaganda kwenye pampu. Tena chokaa haiji peke yake. Karibu na vyoo vya shimo na makaro inakuja na nitrati. Karibu na ufukwe, kisima kikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari hupenya chini kwa chini. Kwingine kuna chuma, au ile gesi inayonuka mayai viza.

Nunua kipima TDS cha mkononi, bei yake ni ndogo. Kisha peleka sampuli maabara ya maji ya mkoa uombe vipimo vya pH (kiwango cha asidi), ugumu, kloridi, nitrati, chuma, manganizi na shaba. Pampu ya kisima iache iende dakika kumi kwanza, suuza chupa mara tatu kwa maji hayo hayo, ijaze hadi juu, uipeleke siku hiyo hiyo. Kama uwezo upo pima mara mbili, mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi, kwa sababu kisima cha pwani hubadilika. Changu hupanda kutoka 840 hadi karibu 1,000 mvua zikichelewa.

TDS ikizidi 2,000 hivi, mtambo mdogo wa nyumbani utahangaika na utateketeza fedha kwenye vipuri. Hapo ni heri ununue maji yaliyokwisha kusafishwa na uyapitishe kwenye resini tu, au uvune mvua. Mvua nitairudia.

2. Jaba la hewa

Hatua hii wengi wanairuka. Mimi naiona ndiyo inayookoa fedha nyingi kuliko zote.

Maji yanayotoka ardhini mara nyingi yamebeba kabonidayoksaidi, ile gesi inayotia povu kwenye soda. Utando wa RO huzuia madini, lakini gesi inapita kana kwamba hakuna kitu. Ikifika kwenye resini inakamatwa kama asidi, na resini inachoka mapema bila wewe kuona sababu. Pakiti yangu ya kwanza iliisha kwa wiki mbili ilhali maji yaliyokuwa yakiiingia yalikuwa safi kwa kipimo cha TDS. Nilidhani nimeuziwa resini mbovu.

Jipime hivi. Chota glasi ya maji moja kwa moja kutoka kisimani, pima pH. Glasi nyingine iache na jiwe la hewa usiku kucha, upime asubuhi. Yangu yalitoka 6.7 yakafika 7.6. Tofauti ya namna hiyo ni gesi iliyokuwa imejificha.

Dawa yake ni jaba la plastiki la lita 200 na pampu ya hewa ya tangi yenye mawe mawili. Jaza, acha hewa ipige saa 24, zima, acha litulie saa sita. Kwa kazi hiyo moja kabonidayoksaidi inatoka, harufu ya mayai viza inatoka, na chuma kilichoyeyuka kinakutana na hewa na kuwa kutu inayozama. Mara ya kwanza nilipofungua mfuniko asubuhi nilikuta mstari wa rangi ya chungwa umezunguka jaba pale maji yalipoishia. Nilipitisha kidole, kikatoka kama kimechovywa kwenye unga wa manjano. Yote hayo yalikuwa yanakwenda kwenye tangi langu.

Koki ya kutolea maji ifungwe sentimita 15 juu ya sakafu ya jaba, isivute tope lililozama. Lisafishe kila mwezi. Funika kwa chandarua au kitambaa, hewa itoke ila mbu wasizalie humo.

3. Chujio mbili za mwanzo

Ya kwanza ni ya mchanga na vumbi, maikroni 5. Kama kisima kinatoa mchanga mwingi tanguliza ya maikroni 20 inayooshwa. Ya pili ni ya kaboni, ile ya kipande kigumu. Maji ya kisima hayana klorini kama ya bomba la mjini, lakini mwenye nyumba au fundi akimwaga dawa ya kuua vijidudu kisimani, klorini hiyo hiyo itaharibu utando wa RO moja kwa moja, na kaboni ndiyo mlinzi. Pia inashika mabaki ya dawa za shambani na harufu iliyosalia.

Usingoje miezi sita iliyoandikwa kwenye boksi. Chujio ya vumbi ikigeuka rangi ya chai hadi ndani, ibadilishe. Yangu hudumu miezi mitatu tangu nianze kutumia jaba. Kabla yake ilikuwa inakufa ndani ya wiki tano.

4. Utando wa RO na shida ya presha

Hapa ndipo majumba yetu yanapotofautiana na maelekezo ya kwenye boksi. Utando unaoitwa wa galoni 75 kwa siku, yaani lita 284, hutoa kiasi hicho ukipata presha ya kama bar 4 na maji ya nyuzi 25. Sisi tuna tangi juu ya mnara. Kila mita 10 za kimo ni bar 1 tu. Mnara wangu una mita 4, kwa hiyo bombani nina bar 0.4. Na maji yenye madini hayakubali kirahisi, yanavuta kurudi nyuma. Kwa TDS 840 mvuto huo ni takriban nusu bar. Maana yake mnara wangu haukuwa na nguvu hata ya kufidia ule mvuto. Nilifunga mtambo mpya, nikakaa na kikombe nusu saa, yakatoka matone. Fundi bomba akasema utando ni feki. Haukuwa feki.

Funga pampu ndogo ya kuongeza presha, ile ya volti 24 inayouzwa kwa ajili ya mitambo hii, kati ya chujio za mwanzo na utando. Na ipate geji ya presha baada yake, bila geji unabahatisha. Lenga bar 4 hadi 5. Kwa kuwa maji yangu yanatoka jaba la chini, pampu hiyo hiyo ndiyo inayovuta kutoka jabani, na mnara haunihusu tena.

Kisha pima kazi yake. Kinga maji safi kwa kikombe cha vipimo: utando wa galoni 75 ukiwa na presha nzuri hutoa kama mililita 200 kwa dakika. Kinga maji yanayotupwa kwa dakika hiyo hiyo: yawe mililita 600 hadi 800. Watu wakiona yanamwagika wanaibana ile valvu ya maji taka. Usifanye hivyo kwa maji magumu, chokaa itaganda juu ya utando na utanunua mwingine. Maji hayo hayana sumu, yamekolea madini tu. Mimi nayaelekeza kwenye pipa la chooni na la kudekia. Minazi yangu miwili inayanywa bila neno, lakini mchicha uliyakataa.

TDS sasa. Kabla ya utando 840, baada yake 31. Hiyo ni asilimia 96 imezuiwa, na ni hali nzuri. Ikishuka hadi asilimia 90 utaona 84, na resini itamalizika kwa kasi karibu mara tatu. Utando mpya ukiuwekea mahesabu haya utaona ni rahisi kuliko resini.

Jambo moja dogo ambalo mafundi hawalisemi: mtambo ukilala, madini hupenya polepole kuja upande wa maji safi. Ukiuwasha, dakika za kwanza maji yanasoma 150 au zaidi. Weka koki ya njia tatu kabla ya resini, mwaga dakika tano za mwanzo, ndipo uruhusu yaende kwenye resini. Na uwashe kwa vipindi virefu, lita 60 kwa mkupuo, badala ya lita mbili mbili kila siku.

5. Resini

Hii ndiyo inayoshusha 31 hadi 0. Nunua ile ya mchanganyiko inayobadilika rangi, ijaze mrija wa kusimama, maji yaingie chini yatokee juu ili yasijichimbie njia pembeni. Shindilia vizuri, kusiwe na mwanya. Lita tano za mwanzo mwaga.

Kuna watu wanasubiri kipimo kisome 10 ndipo wabadilishe. Kwa tangi la bahari usisubiri. Silika, madini yale yale ya mchanga yakiwa yameyeyuka, ni miongoni mwa vitu ambavyo resini inavishika kwa ulegevu, kwa hiyo ikichoka inaiachia mapema, na kipima TDS hakiioni vizuri. Silika ndiyo chakula cha ule mwani wa kahawia. Kipimo kikisoma 1, kisha 2, mimi nabadilisha. Wenye matumbawe mengi huweka mirija miwili mfululizo: wa kwanza ukichoka unautupa, wa pili unasogezwa mbele, resini mpya inakaa nyuma.

Masika, mvua ni msaada mkubwa. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa kwa dakika kumi na tano za mwanzo husoma TDS chini ya 30 kwangu. Lakini paa la mabati huacha zinki, na zinki inaua kamba na konokono. Kwa hiyo nayapitisha kwenye mtambo mzima kama ya kisima. Faida ni kwamba utando unapumzika na resini inakaa miezi.

6. Kuhifadhi

Vyombo viwe vya plastiki ya chakula. Dumu lililobeba mafuta ya taa halifai hata ukiliosha mara mia. Maji yaliyosafishwa hadi 0 yana njaa, yanakula chuma, kwa hiyo koki ya shaba au ya mabati isiyaguse kabisa. Shaba kidogo sana inatosha kuua kamba, konokono na matumbawe huku samaki wakiogelea kama kawaida, ndiyo maana mtu anatafuta kosa mahali pengine. Fungia koki ya plastiki. Funika, weka kivulini.

Mimi sikosi lita 60 za akiba. Umeme ukikatika pampu haiendi, na tangi haliachi kukauka.

7. Kuchanganya chumvi

Kwa kuongezea kila siku unatumia maji haya yalivyo, bila chumvi. Kwa kubadilisha maji, ambako mimi hubadilisha lita 25 kila wiki, ndipo unachanganya. Chumvi iwe ya matangi ya baharini. Ya jikoni ina kloridi ya sodiamu na madini joto tu, samaki wa matumbawe hawaishi humo.

Tanguliza maji, washa pampu ndogo iyazungushe, kisha nyunyiza chumvi kidogo kidogo. Usimimine maji juu ya chumvi, pale chini itakolea hadi kalsiamu igande kuwa unga mweupe usioyeyuka tena. Aina nyingi zinataka gramu 36 hivi kwa lita, kwa hiyo lita 25 ni gramu 900. Fuata pakiti yako na pima kwa mizani, si kwa kikombe, maana chumvi yetu hapa pwani hunyonya unyevu na kikombe kinadanganya. Acha izunguke hadi maji yang'ae, kwa kawaida saa chache. Chumvi nyingine zinataka siku nzima.

Lengo ni chumvi 35 kwa elfu, sawa na uzito linganifu wa 1.026 kwenye nyuzi 25. Kipima chumvi cha mwanga kirekebishe kwa kimiminika maalumu cha 35, usitegemee maji matupu peke yake, kwa sababu kinaweza kusoma sifuri sahihi na bado kikakosea huku juu. Joto la maji mapya lilingane na la tangini, tofauti isizidi nyuzi moja au mbili. Ukifika pH 8.1 hadi 8.4 na kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, mimina taratibu.

8. Daftari

Ninalo daftari la shule limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ya mtambo. Kila ninapowasha naandika tarehe, presha, TDS ya kuingia, ya baada ya utando, ya baada ya resini. Tarakimu tatu za TDS zinatosha kukuambia nani mgonjwa. Ya kuingia ikipanda, kisima kimebadilika. Ya kuingia ikiwa palepale na ya katikati ikapanda, ni utando au presha. Hizo mbili zikitulia na ya mwisho ikapanda, ni resini, na kama ni resini mpya, rudi kwenye jaba uangalie mawe ya hewa. Mara ya mwisho ilikuwa hivyo: mjusi alikuwa ameingia kwenye mrija wa pampu ya hewa akauziba, jaba likakaa siku kumi bila hewa, na daftari likaonyesha 0, 0, 1, 3 kabla sijaona kitu chochote kwenye kioo.